Ukuta wa Upande wa Jirani

Chumba cha Fundi kina pande tatu za kuchezea na upande mmoja wa kuteseka. Nitaanza na huo wa kuteseka, kwa sababu ndio nilioukaa miaka minane, na siwezi kumweleza mtu Fundi ni mtu wa namna gani bila kwanza kumsimamisha pale: mgongo umegusa ukuta, tumbo limegusa meza ya biliadi, fimbo haina pa kurudi nyuma, na mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anakungoja kwa upole kabisa.

Ni fundi cherehani, hapa Kamembe, kwenye barabara inayoshuka sokoni. Alizaliwa wapi na kwa nani, wengine wataeleza vizuri kuliko mimi. Mimi namjua kwa mambo mawili tu, nguo na biliadi, ile ya mashimo sita, mipira kumi na mitano na mmoja mweupe wa kuipigia mingine. Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na minne, nimeletwa na mama yangu aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki na vitenge kutoka Bukavu, na aliyekuwa amechoka kuniona nimekaa. Alimwambia Fundi anifundishe kushona. Biliadi sikuombewa na mtu, niliidaka mwenyewe, kama unavyodaka mafua kwa kukaa karibu na mgonjwa.

Meza ile Fundi aliipata kwenye baa iliyokuwa inafungwa. Chini ya kitambaa kuna jiwe, si mbao, kwa hiyo ililetwa na wanaume wanane ambao walitukana njia nzima. Wakaiweka uani nyuma ya duka, chini ya mabati. Fundi akaisawazisha kwa kipimo cha maji siku mbili nzima, akisukuma vipande vya kadibodi chini ya miguu yake, mpaka mpira ukiwekwa katikati haukutikisika. Lakini mvua za kwetu mnazijua. Kitambaa kikaanza kuota ukungu, ndipo akaita waashi wawili kutoka Gitambi waizungushie kuta palepale ilipo.

Pande tatu ua ulikuwa wazi, waashi wakasogea nje walivyotaka. Upande wa nne ulikuwa na mpaka wa jirani, na hapo wakamuuliza Fundi awape kipimo. Fundi akavua futi yake ya kitambaa shingoni. Akajipima mwenyewe, kutoka mgongoni hadi kifuani, kisha akaongeza vidole vinne vya nafasi, kama anavyoongeza kwa kila koti. Ndicho kipimo alichowapa. Alipima mtu aliyesimama. Hakupima mkono unaovuta fimbo.

Kosa hilo asingeweza kulifanya seremala wala mwashi. Ni kosa la mtu aliyeshona makoti miaka arobaini. Na lilipoonekana, kuta zikiwa zimeshakauka, hakukubali kuisogeza meza hata kidogo, kwa kuwa ilikuwa imeshakaa sawa. Mlango nao ulikuwa wa kawaida, wa kupita mtu. Meza ile haitoki mle ndani tena, labda wabomoe. Mtu akimcheka, Fundi alijibu kwamba ukuta nao ni mchezaji, na mtu asiyetaka kucheza na ukuta aende baa.

Alichukua fimbo iliyovunjika, akaikata ikawa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, akaining'iniza kwenye msumari karibu na mikasi. Hiyo ndiyo fimbo ya upande wa jirani. Unaishika kama unavyoshika kijiko, unapiga kwa kifundo cha mkono tu, na mpira unaondoka kwa uvivu kwenda usikotaka.

Nisiseme kama vile hakunifundisha. Alinifundisha, tena sana, na hadi leo nikiwaona vijana wanaopiga mpira kwa nguvu na kurusha vichwa juu kabla haujafika shimoni, mwili wangu unakasirika kwa niaba yake. Miezi mitatu ya kwanza sikuruhusiwa kuingiza mpira wowote. Alichora msitari kwenye meza kwa chaki ya kushonea, ile nyeupe, bapa, tunayochorea vitambaa. Kazi yangu ilikuwa kupiga mweupe uende hadi mwisho wa meza na urudi juu ya msitari uleule. Mpira pekee, bila mwenzake. Nilipiga hadi nikaota msitari. Ukirudi kushoto, aliniambia nimegusa kushoto. Ukirudi kulia, aliniambia kiwiko changu kinatembea. Alijua bila kunitazama, yuko dukani anashona pindo, anasikiliza.

Kisha kikaja kifungo cha shati. Alikiweka popote mezani, akanipa mpira rahisi wa kuingiza, mtoto mdogo angeuingiza, lakini mweupe ilibidi usimame juu ya kifungo. Nilipouingiza mpira nikafurahi na mweupe uko mbali, aliutoa shimoni akaurudisha. Siku moja nilikasirika, nikamwambia si umeingia, Fundi, unataka nini tena. Akanijibu taratibu:

"Kuingiza, kila muntu anajua. Sasa uniambie mweupe iko wapi, na utafanya nini nayo."

Mweupe ulikuwa nyuma ya mipira mingine miwili, na sikuwa na la kufanya nao.

Mengine aliyafundisha kwa mtindo wa kazi yetu. Alisema huwezi kukata kitambaa kabla hujajua nguo inaishia wapi, kwa hiyo kabla ya kupiga mpira wa kwanza nimwonyeshe kwa kidole shimo la mweusi, ambao kila mchezaji huupiga mwisho akishamaliza mipira yake saba. Kutoka hapo nihesabu kurudi nyuma: ili niupige mweusi vizuri nitokee wapi, na kabla ya hapo wapi. Alinikataza kumaliza mipira yangu rahisi mapema. Mpira wako uliokaa mdomoni mwa shimo, alisema, ni mlinzi, unamzibia mwenzako, kwa nini umfukuze kazi? Na kubwa kuliko yote: ukiona huna mpira mzuri, usijaribu bahati. Mfiche mwenzako mipira yake. Gusa mpira wako kidogo, kwa adabu, na uuache mweupe mahali ambapo yeye hataona kitu. Hilo tuliliita kumfunga mtu.

Kwa kufunga watu, Fundi hakuwa na mwenzake katika wilaya nzima ya Rusizi, na nimezunguka. Wengine wanakufunga nyuma ya mpira, na mpira unaweza kuzungukwa. Yeye alikufunga ukutani. Alikuwa akigusa mpira wake kama anaupapasa, na mweupe unatembea polepole, unapita katikati ya wenzake, unavuka meza, unakwenda kulala chini ya ukingo wa upande wa jirani. Halafu anarudi kwenye kigoda chake. Hata hakukutazama. Alijua sauti inayofuata ni ya fimbo fupi kutoka msumarini.

Tulicheza baina ya swala ya adhuhuri na ya alasiri, saa ambazo duka halina watu na jua linachoma mabati. Hakucheza kwa pesa, pombe haikuvuka mlango wake, aliyeshindwa alichemsha chai ya tangawizi. Nimechemsha chai nyingi sana katika maisha yangu. Na kulikuwa na sheria moja ambayo wageni hawakuielewa hata wakielezwa. Adhana ya alasiri ikisikika, mchezo unasimama hapohapo. Mipira haiguswi. Fundi alitandika juu ya meza shuka la rangi ya kahawia, akatawadha, akaenda msikitini, na mchezo uliendelea kesho yake, watu walewale, zamu ileile.

Sheria nzuri, utasema. Nami nilisema hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ndipo nilipogundua kwamba mara nyingi mno adhana iliukuta mweupe wangu ukutani. Mzee alikuwa na saa kichwani. Alijua zimebaki dakika ngapi, na dakika ya mwisho alinifunga, akatandika shuka, akaenda zake kuswali na moyo wake mweupe. Mimi nikabaki na tatizo langu usiku kucha. Nilikula nikiwaza ule mpira. Kesho yake niliamka nao, nikashona mifuko ya suruali nao, nikangoja adhuhuri nikiwa nimeshachoka kabla hata ya kuanza.

Na sasa nieleze jambo lililonichanganya siku zote. Mtu huyuhuyu, kwenye nguo, hakuvumilia kabisa kitu cha kubana. Kijana akija anataka suruali iliyomshika mapaja, Fundi alimsikiliza, akaandika, kisha akashona pana vidole viwili na kumdanganya kwamba kitambaa kitarudi kikifuliwa. Niliwahi kumaliza koti la bwana harusi, kazi ya siku nne, akalivaa yeye mwenyewe dukani na kuinua mikono juu kama anayedaka kitu. Likambana kwapani. Alilifumua lote mbele yangu, bila hasira, huku akinieleza.

"Muntu anapashwa kuinua mukono," alisema. "Siku ya furaha yake asiweze kuinua mukono? Weye uko na roho gani?"

Nilikuwa na swali mdomoni kuhusu chumba cha nyuma, nikalimeza. Kwa nini nililimeza? Nilimwogopa, na nilimpenda, na wakati ule sikuweza kutenganisha hayo mawili.

Alikuwa na mambo yake mengine. Alivua viatu kabla ya kuingia kwenye chumba cha meza, kama anaingia sebuleni kwa watu. Alisema na mipira kwa Kinyarwanda, kwa upole, na kutugombeza sisi kwa Kiswahili. Hakuwahi kuvua futi shingoni akicheza, na alipoinama ncha yake moja iligusa mipira, nasi hatukuthubutu kumwambia kwamba ni kosa. Aliwachukia watu wanaopiga mluzi. Aliwapa majina wateja kufuatana na mabega yao. Alikuwa akisema kwamba mkono unaotetemeka ni mkono uliokwisha kuamua vibaya, na sijapata bado siku ya kumkosoa kwa hilo.

Wengine walikuja kujifunza wakaondoka. Alikuja motari mmoja, mwendesha pikipiki wa abiria, akaja mwalimu wa shule ya msingi, akaja muuza samaki aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wetu wote. Walikaa miezi, wakafungwa ukutani, wakachemsha chai, wakaaga. Mimi nilibaki kwa kuwa cherehani yangu ilikuwa mlango wa pili. Mkewe Fundi, ambaye alituletea sukari na kusikiliza kila kitu kutoka jikoni, alimwambia mama yangu kwamba kijana wake atakuja kuolea mle chumbani. Mama hakucheka.

Kilichonishika hasa ilikuwa ruhusa. Kwenye duka la Fundi, mwanagenzi akimaliza kujifunza, anaitwa mbele ya watu wawili watatu, mzee anamkabidhi mkasi, anamwombea dua, basi ametoka, anaweza kufungua kwake. Ukiondoka bila mkasi wa mwalimu wako, mafundi wenzako Kamembe watakusalimia, lakini kitambaa cha harusi hutaletewa. Mimi mkasi nilikabidhiwa mwaka wa tatu, mama yangu akawepo na skafu yake ya kanisani, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko Waislamu. Lakini Fundi aliipeleka sheria hiyo hadi kwenye meza. Asiyemshinda yeye, kwenye chumba kile, hana ruhusa ya kucheza mbele za watu. Ataniaibisha, alisema. Ataonekana hakufundishwa.

Nami nilichotaka, na nilikitaka kwa aibu kama mtu anayetaka kuoa juu ya uwezo wake, ilikuwa kucheza mashindano. Si makubwa. Yale ya kila mwaka, yanayofanyika kwenye ukumbi mmoja upande wa uwanja wa ndege, wanakuja wachezaji wa Rusizi yote na wengine kutoka ng'ambo. Nilitaka kusimama pale siku moja, jina langu liandikwe ubaoni, watu wanitazame nikihesabu kutoka mweusi kurudi nyuma. Basi. Ili nifike pale ilibidi nimshinde Fundi, na ili nimshinde Fundi ilibidi nitoke ukutani. Miaka minane ilikwisha hivyo.

Mwaka wa sita nilicheza kwa kuiba. Alhamisi moja Fundi alikwenda mazishini, nami nikapanda pikipiki hadi kwenye ule ukumbi, nikaomba kucheza. Meza ilikuwa katikati ya chumba kikubwa, nafasi kila upande, ungeweza kufunga ng'ombe. Nikainama, nikavuta mkono, na mkono ukakataa. Ulirudi nyuma vidole vinne ukasimama. Nikajaribu tena, vidole vinne. Hapakuwa na ukuta, lakini mwili wangu ulikuja nao. Mipira yangu ya mbali haikufika. Ujanja wangu wote wa kumlaza mtu ukingoni haukuwa na maana, kwa sababu mwenzangu alikwenda upande ule, akajinyoosha kwa raha zake, akapiga. Alinishinda mara tatu. Kisha, si kwa ubaya, aliniuliza nimejifunzia wapi.

"Uko unacheza kama muntu balifungia mu kabati," alisema, na wenzake wakacheka kidogo, wakanionea huruma wakaacha.

Nilirudi kabla ya Fundi, nikakaa kwenye cherehani. Aliporudi alinipa mkono wa salamu, akautazama. Chaki ya ukumbini, ya kupaka ncha ya fimbo, ni ya bluu, na yetu ni nyeupe. Adhuhuri ya kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, tulicheza, na alinifunga ukutani mara kumi na moja katika mchezo mmoja, nilihesabu, na baada ya kila mara alisema pole. Siku ile nilielewa hali yangu kwa ukamilifu wake. Kwa Fundi sikuweza kushinda, na nje ya kwa Fundi sikuweza kucheza. Nilichemsha chai huku machozi yananitoka, na nikamwambia mkewe ni moshi.

Lakini jambo moja lilitokea mwaka uleule, na sikumwambia mtu. Kwa kuwa niliishi ukutani, nilianza kuujua. Wote tulikuwa tunapigana nao: tunaupa mgongo, tunainua fimbo fupi, tunataka kupiga kuelekea mbele ambako mipira iko. Siku moja, kwa uchovu, nilijigeuza nikasimama ubavu, bega limegusa ukuta. Nikaona kwamba nafasi ambayo haipo nyuma yangu ipo pembeni. Ukipiga kufuata ukuta, sambamba nao, fimbo ndefu inarudi unavyotaka. Mpira unakwenda hadi kona, unagonga ukingo wa kwanza, wa pili, unatokea katikati ya meza. Hauendi vizuri sana, lakini unatoka. Ilinichukua mwaka mwingine kuujua kipimo chake. Nilipoujua, Fundi alibadilisha, akaanza kunifunga kwenye kona yenyewe, ambako hata ubavu hausaidii, na mambo yakarudi palepale.

Mwaka wa nane nilioa, nikahamia Gashonga kwa kina mke wangu, nikapata chumba cha kuweka cherehani kando ya barabara. Nilipomuaga Fundi alisema, "Enda." Aliniombea heri ya ndoa, akanipa kipande cha kitambaa kizuri cha suti. Ruhusa ya meza hakunipa, nami sikuiomba.

Gashonga kuna baa moja yenye meza ya mbao iliyopinda kidogo, migomba nyuma yake, na hakuna ukuta, ni nguzo tu. Huko nilianza upya kuufundisha mkono wangu kurudi nyuma. Nilichora msitari kwa chaki ya kushonea. Nikaweka kifungo. Miezi kadhaa mkono uligoma kwenye vidole vinne, kisha ukaenda sita, kisha ukasahau. Nikawashinda wa Gashonga, ambao si wengi, nikaalikwa kwingine. Mke wangu alisema nacheza vizuri lakini natazama nyuma sana. Ni kweli. Kila nilipoinama mbele za watu nilihisi nimevaa koti la mtu bila kumwomba.

Mwaka huu jina langu liliandikwa kwenye yale mashindano ya upande wa uwanja wa ndege. Jumapili. Jumamosi nikaenda kwa Fundi kuomba ruhusa. Nilijua masharti, hivyo nilibeba fimbo yangu.

Miaka miwili tangu nihame ilikuwa imemchakaza. Mguu wa kulia ulikuwa mzito, mkewe aliniambia mlangoni kwamba ulimwanza siku moja asubuhi na haukumwacha. Hatoki tena isipokuwa msikitini, na huko anachukua muda. Analala chumba cha mbele ili awe karibu na cherehani, na akiacha cherehani anakwenda chumba cha meza, anacheza peke yake, anarudi. Watoto wake walitaka kumchukua akae nao Kigali, akakataa, akasema meza haipiti mlangoni. Mkewe alinieleza hayo kwa sauti ya chini, bila kucheka wala kulalamika.

Fundi alifurahi kuniona, na furaha yake, kama kawaida, ilikuwa kunipima mabega kwa macho na kusema nimenenepa. Akavua viatu kwa shida. Nikamsaidia, akaniacha nimsaidie, na hilo liliniumiza kuliko mguu wenyewe.

Tulicheza vizuri. Yeye akiegemea meza, mimi nikijizuia nisimtazame mguu. Alinifunga ukutani mara mbili, na mara mbili nikatoka kwa ubavu. Mara ya tatu alinipeleka konani, na sikutoka vizuri, lakini sikufa. Nilibakiwa na mipira miwili na mweusi, yeye mitatu. Zamu ikawa yangu. Sikuwa na mpira mzuri. Nilitazama, nikahesabu kutoka mweusi kurudi nyuma kama alivyonifundisha, na jibu likawa moja tu. Nikavuta mkono wote, kwa raha, mkono wa Gashonga, nikagusa mpira wangu kwa adabu. Mweupe ukarudi nyuma, ukapita katikati, ukavuka meza, ukaenda kulala chini ya ukingo wa upande wa jirani.

Fundi akazunguka meza, mkono mmoja juu ya ukingo. Akaingia kwenye ule uwazi. Ndipo nilipojua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amesimama upande ule. Siku zote alicheza ili asiende. Akageuka, mgongo ukagonga ukuta. Akanyoosha mkono wa kulia nyuma na kiwiko kikagonga ukuta. Akautazama ukuta kama mtu aliyekuta mgeni chumbani mwake. Nikampa fimbo fupi kutoka msumarini. Aliishika vibaya, kama anavyoishika mtu ambaye hajawahi.

Adhana ikasikika.

Akatandika shuka juu ya meza. Hakunitazama. Akatawadha, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akatoka, nami nikabaki na hesabu mbaya. Mchezo unaendelea kesho. Kesho ni Jumapili. Nikija kumaliza mchezo, mashindano yananipita. Nikienda kwenye mashindano, nimemwacha mzee na mweupe ukutani, bila ruhusa, na nitakuwa nimeivunja sheria pekee ambayo sote tuliiheshimu. Nilikaa dukani nikiitazama cherehani yangu ya zamani, na nikahisi mkono umerudi kwenye vidole vinne. Hata akiwa ukutani, niliwaza, aliyefungwa ni mimi.

Alikawia. Aliporudi sikumwona akienda kwenye cherehani, alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, nikasikia viatu vikivuliwa, kimoja, kisha baada ya muda mrefu kingine. Nikaenda. Alikuwa ameliondoa shuka. Baada ya alasiri, siku ileile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, alikuwa amesimama kwenye uwazi wa upande wa jirani, amebanwa, futi ya kitambaa shingoni, mikono miwili juu ya meza.

"Ndo hapa nilikuwa naweka bantu?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, Fundi.

"Miaka minane weye uko hapa?"

Nikasema minane.

Aliweka kiganja ukutani, akapima nafasi kwa vidole hadi mgongoni kwake, vinne, na najua alivihesabu kwa sababu midomo yake ilitembea. Nilidhani atasema kuhusu waashi wa Gitambi, au kuhusu jirani.

"Mie sijue kutoka hapa," alisema. "Unionyeshe."

Nikazunguka meza. Hatukuweza kusimama wawili pale, kwa hiyo nilijikunja juu ya ukingo, nikamshika bega, nikamgeuza ubavu. Nikamwambia asipigane na ukuta, aufuate. Nikamwondolea fimbo fupi nikampa ndefu, yangu. Nikamwonyesha kona. Alipiga, mpira ukagonga ukingo wa kwanza ukafa. Akasema nirudishe. Nikaurudisha. Alipiga tena, akasema rudisha. Kiwiko chake kilitembea nikamwambia, naye akaitikia kama tulivyoitikia sisi. Sijui alipiga mara ngapi. Mkewe alileta chai bila mtu kuwa ameshindwa, ikapoa. Mwishowe mpira ulikwenda hadi kona, ukagonga mara ya kwanza, ya pili, ukatokea katikati ya meza polepole, ukasimama mahali pa wazi ambapo mtu angeweza kupiga chochote. Fundi aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu anayejaribu koti.

"Rudisha," alisema.

Nilipotoka, jua lilikuwa linashuka. Nilipanda pikipiki kwenda Gashonga, na tulipokuwa tumeshaupita mteremko wa mwisho wa Kamembe ndipo nilipokumbuka kwamba sikuomba ruhusa. Nilikuja kwa ajili hiyo tu, na sikuiomba. Fimbo yangu nayo nilikuwa nimeiacha mkononi mwake, na kesho ukumbini ningecheza kwa ya kuazima. Nikageuka nyuma kutazama. Motari akapunguza mwendo, akaniuliza kama nimesahau kitu, turudi.

Nikamwambia aendelee.